Runinga moja, vishikwambi kumi au mashine ya nukta nundu: shule inunue nini kwanza?

Fedha za vifaa zikiingia shuleni, ziwe za mfadhili, za halmashauri au za michango ya wazazi, kikao cha kamati huwa hakichelewi. Wajumbe wanataka vishikwambi kwa sababu jirani kapata. Mwalimu wa TEHAMA anataka projekta. Mwalimu wa elimu maalumu, kama yupo, amekaa pembeni na orodha ya vitu ambavyo wengine hawajawahi hata kuvishika, na akipewa nafasi ya kusema, muda umeshakwisha. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya kikao cha namna hiyo, katika shule ya msingi ya umma ya kawaida: darasa lina watoto 80 au 90, umeme upo lakini unakatika, na intaneti ni bando la simu ya mwalimu.

Chukua darasa la nne. Mstari wa mbele kakaa mtoto mwenye ualbino, na hata hapo mbele maandishi ya ubaoni anayaona kwa shida. Yupo anayesikia sikio moja tu, yupo kiziwi anayetumia lugha ya alama, yupo asiyeona aliyeletwa hapo kwa sababu shule ina kitengo cha elimu maalumu. Wapo 10 waliofika darasa la nne bila kuweza kusoma sentensi nzima, na wapo wachache waliokwisha kumaliza kitabu na sasa kazi yao ni kuwachokoza wenzao. Hakuna kifaa kinachowatosha wote hawa, na muuzaji akikwambia kipo, mshukuru umtoe nje. Kigezo ninachotumia hapa ni kimoja: kifaa kinamwondolea mtoto gani kikwazo gani, na je, kitafanya hivyo siku umeme ukikatika saa tatu asubuhi?

Projekta au runinga

Hapa sina kigugumizi: runinga.

Projekta inavutia kwa ukubwa wa picha, lakini inadai giza. Madarasa yetu yana madirisha mapana, na jua la saa nne likishaingia, picha ya projekta ya bei nafuu inapauka mpaka mwalimu anaamua kuizima na kurudi kwenye chaki. Utasema tuweke mapazia. Sawa, ila ukishatia giza darasani umemnyang'anya mtoto kiziwi somo lake, maana haoni tena mikono wala uso wa mwalimu. Jambo hili halimo kwenye tangazo lolote la projekta, na ndilo lingetosha kumaliza mjadala.

Kama halitoshi, piga hesabu ya umeme. Projekta ya taa hula wati 250 hivi. Ukiongeza kompyuta mpakato inayoilisha picha, unakaribia 300. Betri ya sola ya kawaida, ya asidi, volti 12 na Ah 100, inabeba wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usiitoe zaidi ya nusu. Kwa hiyo projekta inamaliza akiba yako kwa saa mbili. Runinga ya LED ya inchi 43 hula wati 80 hivi, na haihitaji kompyuta: video ikiwa kwenye flashi, unaichomeka nyuma na somo linaendelea. Betri ile ile inakupa saa saba. Halafu kuna vumbi la chaki, ambalo runinga unalifuta kwa kitambaa, wakati ndani ya projekta linaziba kichujio, taa inapata joto kupita kiasi, na taa mpya ukiiulizia bei utakaa chini.

Kuna jambo jingine dogo kuhusu mtoto mwenye uoni hafifu. Kwenye runinga anaweza kusogea mpaka pua iguse kioo, akasoma, akarudi kukaa. Akijaribu hivyo kwenye picha ya projekta, kivuli chake kinafunika maneno na darasa zima linampigia kelele.

Ubaya wa runinga ni kwamba mtoto wa mstari wa nyuma haoni maandishi madogo kwenye inchi 43. Usiitumie kama ubao, basi. Itumie kwa kile ambacho ubao hauwezi: moyo unavyosukuma damu, mbegu inavyoota, sehemu mbili za nane zinavyolingana na robo. Vipindi vya Ubongo Kids na Akili and Me, vinavyotengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, iliyoanzishwa mwaka 2013, vimeandaliwa kwa Kiswahili na kwa watoto wa huku, na mtoto anayeshindwa kufuata maelezo ya mdomo mara nyingi hushika akiona kitu kinatendeka.

Kwa viziwi runinga ina masharti. Manukuu chini ya picha hayamsaidii mtoto ambaye bado hajui kusoma, na wengi hujifunza Kiswahili cha maandishi kama lugha ya pili, baada ya lugha ya alama. Tena, huwezi kucheza video huku mkalimani anatafsiri pembeni, kwa kuwa mtoto ana macho mawili yanayotazama upande mmoja. Cheza nusu dakika, simamisha, eleza kwa alama, endelea. Na ukipakua hadithi za lugha ya alama zilizotengenezwa Kenya, ambako lugha hiyo imetajwa kwenye Katiba ya 2010, kumbuka kwamba alama za Kenya na za Tanzania ni lugha mbili. Mwalimu azipitie kwanza mwenyewe, aone zipi zitaeleweka.

Spika, ambayo hakuna anayeitaja

Kabla ya yote hayo kuna kifaa cha bei ya chini kabisa: kipaza sauti cha kuvaa kichwani chenye spika ndogo ya kufunga kiunoni, zile wanazotumia machinga. Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, mwalimu hasikiki hata mstari wa tatu. Anayesikia sikio moja hasikii hata siku ya jua. Spika ikitundikwa katikati ya darasa, ikafunguliwa kwa kiasi, inamsaidia yeye pamoja na wale 80 wengine, na mwalimu anamaliza wiki bado ana koo. Inachajiwa kama simu. Kama fungu lenu ni dogo kiasi cha kutia huruma, anzieni hapa na msione haya.

Redio nayo isidharauliwe. Zanzibar iliwahi kufundisha watoto wadogo kwa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, na faida yake ilikuwa kuwafikia watoto ambao hawakuwa na darasa la awali karibu. Kwa mtoto asiyeona, kipindi kizuri cha redio ni sawa na kwa mwenzake anayeona. Kwa kiziwi, bila shaka, ni sufuri.

Vishikwambi: Tanga na Kisumu zinasema nini

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tanzania ina ushahidi wake. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, lililotoa washindi Mei 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, wavitumie wenyewe kwa miezi 15, bila mwalimu. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Programu mbili ziligawana ushindi, Kitkit School na ile ya onebillion, na programu za fainali ziliachwa wazi ili wengine wazitumie na kuziendeleza.

Matokeo hayo yanasomwa kwa namna mbili. Ya kwanza: mtoto aliyeachwa na kishikwambi na chaji ya sola anaweza kujifunza kusoma. Ya pili, ambayo wauzaji huiruka: nusu bado walibaki hawawezi kusoma neno.

Sasa vuka mpaka uende Kisumu, Kenya. Katika utafiti uliofanywa chini ya PRIMR, mradi wa kufundisha kusoma na hesabu shule za msingi, shule ziligawanywa: baadhi wanafunzi walipewa vifaa vya kielektroniki vya kusomea vitabu, baadhi walimu walipewa vishikwambi, na baadhi vishikwambi walipewa maafisa wanaozungukia shule kuwasaidia walimu. Usomaji ulipanda, lakini hakuna njia iliyoipita nyingine kwa tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwenye gharama. Kumpa kila mwanafunzi kifaa kulikula fedha nyingi zaidi, na kumpa afisa mmoja anayezungukia shule nyingi kulikula kidogo. Kenya ilipopeleka mpango wa kusoma wa Tusome nchi nzima kuanzia 2015, ni maafisa hao waliopewa vishikwambi.

Je, Tanga na Kisumu zinapingana? Sioni hivyo. Tanga watoto hawakuwa na mwalimu, kwa hiyo kifaa kiliziba pengo. Kisumu mwalimu alikuwapo, ana vitabu na mwongozo wa masomo, na kilichokosekana kilikuwa mtu wa kumpa moyo na kumwonyesha alipopungukiwa. Shule yako iko upande gani? Kwa darasa zima, iko upande wa Kisumu. Kwa wale 10 wasiosoma, walioketi miaka minne mbele ya mwalimu bila kufikiwa, iko upande wa Tanga.

Hivyo ukinunua vishikwambi 10, usivigawe sawa kwa sawa. Darasa la watoto 90, wakikaa wawili wawili, kila kipindi wanaingia 20. Ukitenga kipindi kimoja kwa siku, kila mtoto anapata zamu yake takriban mara moja kwa wiki, tena kwa dakika 20 za kushika mwenyewe kama wanapokezana. Dakika 20 kwa wiki hazifundishi mtu kusoma. Ukiwapa wale 10 peke yao, kila mmoja na chake, dakika 40 kila siku, wanapata dakika 200 kwa wiki. Wazazi wa wengine watalalamika. Waiteni, waonyesheni hesabu hiyo, na waambieni muhula ujao kundi litabadilika. Ni mazungumzo magumu, lakini ni rahisi kuliko kueleza mwakani kwa nini watoto walewale bado hawasomi.

Kati ya hao 10 kuna uwezekano wapo wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma ambao si uvivu, na kwa Kiswahili tatizo hilo hujificha. Kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka, mtoto hakosei sana. Anasoma sahihi lakini polepole mno, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Anaitwa mzito, basi. Programu inayosoma kwa sauti huku ikikoleza rangi neno linalosomwa inampunguzia mzigo, na huyu ndiye hasa anayehitaji kifaa chake mwenyewe, kwa kasi yake, bila macho ya wenzake.

Kwa uoni hafifu, kishikwambi ni kizuri lakini si kwa njia watu wanayodhani. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana kwenye maktaba mtandao yake kama kurasa zilizopangwa tayari. Ukikuza ukurasa wa namna hiyo, mstari unatoka nje ya kioo na mtoto anausukuma kulia, anaurudisha kushoto, kulia tena, mpaka anapoteza mstari aliokuwa akisoma. Kwa kitabu kirefu, maandishi yaliyoandikwa upya kwa herufi kubwa yanayojipanga yenyewe ndani ya kioo ni bora mara nyingi. Kinachofanya kazi vizuri sana ni kamera: mtoto anapiga picha ubao, anaikuza kwenye dawati lake, ananakili. Kishikwambi kimoja kwa ajili ya huyu mtoto mmoja kinalipa kuliko vitano vya zamu.

Vitu vinavyosahaulika kwenye manunuzi: hedifoni za waya, zaidi ya idadi ya vifaa kwa sababu tundu lake huharibika mapema, makasha ya mpira, na seva ndogo. Kolibri ni programu ya bure inayokaa kwenye kompyuta kuukuu au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayokula wati zisizofika 10, ikagawa masomo kwa vishikwambi vyote darasani bila intaneti hata kidogo. Ina sura ya Kiswahili, na mwalimu anaweza kuligawia kila kundi kazi tofauti na kuona nani kakwama swali la ngapi. Kuchaji vishikwambi 10 vilivyokwisha kabisa kunahitaji wati-saa 200 hivi, kwa hiyo betri ile iliyoshindwa na projekta hapa haitoki hata jasho.

Na kabla hamjanunua chochote, ulizeni walimu. Baada ya Sensa ya 2022 serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Huenda vimo humo humo shuleni.

Kwa asiyeona, mjadala ni mwingine

Wajumbe husikia bei ya Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, ambayo mpya inaweza kufika bei ya vishikwambi vitano vya kawaida, na swali linakuja: yote hiyo kwa mtoto mmoja? Ndiyo. Kwa wengine kifaa ni nyongeza juu ya daftari na kalamu. Kwa huyu, hilo ndilo daftari na hiyo ndiyo kalamu. Bila hicho anakaa darasani kama msikilizaji.

Njia ya bei rahisi ni kile kibao chenye matundu na sindano yake butu. Mtoto anatoboa nukta moja moja kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, ili akigeuza karatasi zisomeke kutoka kushoto. Anayeanza darasa la kwanza anajifunza kila herufi mara mbili, ya kuandika na ya kusoma, na hawezi kusahihisha neno bila kuchomoa karatasi. Kinafaa mfukoni na kwenye mtihani wa dharura. Kuanzia nacho ni kumtesa.

Mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa 1951 na haijabadilika sana tangu hapo, ina vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi. Akibonyeza, nukta zinainuka upande wa juu, anapitisha kidole na kusoma alichoandika papo hapo. Haitumii umeme. Ina uzito wa karibu kilo 5 na inapiga kelele, hivyo mwekee kitambaa kinene chini yake, na ifunikwe ikimaliza kazi. Zikitunzwa hudumu miongo. Gharama yake ya kudumu ni karatasi nene, ambazo lazima ziingie kwenye bajeti ya kila mwaka. Mashine isiyo na karatasi nimeiona kwenye zaidi ya kitengo kimoja.

Mshindani wake wa kisasa ni kifaa kama Orbit Reader 20, kinachoinua na kushusha nukta zenyewe kwenye mstari wa nafasi 20. Kitabu ambacho kwa karatasi kingejaza mafaili manne mazito kinakaa kwenye memori kadi. Kwa kusoma, hasa darasa la tano kwenda juu, ni ukombozi wa kweli. Lakini ni mstari mmoja tu. Hesabu ya kujumlisha kwa wima, mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi, haionekani. Mtoto anasoma namba ya juu, inatoweka, inakuja ya chini. Kwa Perkins hesabu hiyo inakaa nzima kwenye karatasi na vidole viwili vinaishika. Kwa sababu hiyo peke yake, madarasa ya chini nawapa Perkins bila kusita. Orbit inapenda pia mazingira safi, na vumbi kwenye vile vijitundu halina huruma.

Basi kwa nini tusimpe simu inayoongea, tukamaliza? TalkBack imo kwenye simu za Android bila malipo: ukigusa inasoma kilichopo, ukigonga mara mbili inafungua, na sauti ya Kiswahili ipo. Kwa kompyuta za Windows kuna NVDA, ya bure pia, iliyoanzishwa 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia. Mwanafunzi wa darasa la sita anayeelekea sekondari anapaswa kuzijua zote mbili. Ila mtoto anayesikiliza tu hajifunzi tahajia. Kwa Kiswahili atajikongoja. Akifika kidato cha kwanza, ambako anasomeshwa kwa Kiingereza, kusikia neno hakutamwambia linaandikwaje. Nukta nundu kwanza, sauti baadaye.

Kwa mtoto mwenye usonji sina kifaa cha kukuuzia. Kinachomtuliza mara nyingi ni ratiba ya siku kwa picha, iliyobandikwa kwenye dawati, na pengine kitu cha kuziba masikio kelele zikizidi. Manila na gundi.

Ukiniuliza mpangilio

Kama kuna asiyeona darasani, Perkins na karatasi za mwaka ndizo za kwanza, hata zikila fungu lote. Kama hayupo: spika, kisha kishikwambi kimoja chenye kamera nzuri kwa mwenye uoni hafifu, kisha runinga na flashi. Vishikwambi 10 na seva yake vinafuata, iwapo tu yupo mwalimu mmoja aliyekubali kuwa na lile kundi la watoto 10 kila siku na jina lake limeandikwa kwenye ratiba. Projekta ibaki kwa wenye ukumbi.

Tengeni pia sehemu ya fedha, nasema kama moja ya tano, kwa ajili ya mafunzo na matengenezo, tena mafunzo yafanyike kwenye darasa lenyewe siku ya masomo. Kabati la vifaa likae kwenye darasa linalovitumia, na ufunguo awe nao mwalimu wa darasa hilo pamoja na mwenzake mmoja. Ufunguo ukikaa ofisi kuu, siku mwalimu mkuu ameitwa wilayani hakuna somo, na wilayani huitwa mara nyingi.